Kufundisha kwa Filamu na Slaidi: Kuanzia Kupima Ukuta hadi Kuzima Projekta

Filamu ya dakika 45 kwenye kipindi cha dakika 40: hilo ndilo kosa la kwanza, na ndilo linalorudiwa zaidi. Waya unachomekwa, madirisha yanafungwa, darasa linatulia kuliko siku zote, halafu kengele inalia kabla ya kufika pale hasa palipofanya filamu hiyo ichaguliwe. Wanafunzi wametazama, ila hawajajifunza. Filamu ni zana kama ramani au modeli ya figo: inatoka kabatini kwa kazi moja, inaonyeshwa, inaulizwa maswali, inarudi kabatini. Kipande cha dakika 3 hadi 6 kinachotazamwa mara mbili huacha mengi zaidi kichwani kuliko filamu nzima iliyotazamwa mara moja. Yote yaliyomo hapa chini yamejengwa juu ya msingi huo.

Filamu, slaidi au ubao?

Jiulize jambo unalofundisha lina nini ambacho chaki haiwezi kukionyesha. Kama ni mwendo (moyo unavyosukuma damu, mawimbi yanavyomega ufuko), kitu kilicho mbali au cha hatari, au kitu kinachotokea taratibu mno kwa jicho kukiona, hiyo ni kazi ya filamu. Kama ni sura ya kitu kilichotulia, mfano jani lililokatwa na kukuzwa, picha ya ngome au ramani ya mvua, slaidi inatosha, na ina ubora mmoja: inakaa mbele ya macho muda wote unaotaka.

Mchoro ambao mwanafunzi ataombwa auchore kwenye mtihani, uchore kwa mkono ubaoni. Mwanafunzi hufuata mkono: anaona mstari upi ulianza, upi ukafuata, wapi mwalimu alifuta na kurekebisha. Slaidi humtolea mchoro uliokwisha kamilika, naye akibaki na karatasi tupu hajui pa kuanzia.

Kupima darasa

Chukua futi ya fundi au kamba iliyopimwa. Projekta nyingi za kawaida huhitaji umbali wa karibu mara moja na nusu ya upana wa picha: picha ya upana wa mita 2, projekta ikae mita 3 kutoka ukutani. Uwiano kamili umeandikwa kwenye kijitabu cha mashine. Zile za umbali mfupi hutoa picha hiyohiyo zikiwa mita 1 tu kutoka ukutani, na hizo ndizo nzuri zaidi kwa darasa lililojaa, maana mwalimu hapiti mbele ya mwanga wala hakuna waya unaokatiza katikati ya madawati.

Picha pana ya siku hizi yenye upana wa mita 2 ina kimo cha mita 1.1 hivi. Zidisha kimo kwa 8 upate umbali wa mwisho wa kuketi: karibu mita 9. Kama kuna maandishi madogo au mchoro wenye sehemu nyingi, zidisha kwa 6, yaani mita 6 na nusu. Ukingo wa chini wa picha uwe mita 1.2 kutoka sakafuni, la sivyo vichwa vya mstari wa mbele vitakula theluthi ya picha.

Usivutwe na tamaa ya picha kubwa. Mwanga wa projekta ni uleule, unagawanywa tu juu ya eneo. Projekta ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) kwenye picha ya upana wa mita 2 inamwaga mwanga huo juu ya mita za mraba 2 na robo. Ukiitanua hadi mita 3, eneo linakuwa mita za mraba 5, na mwanga unashuka chini ya nusu. Picha inakuwa kubwa lakini imepauka kama kanga iliyofuliwa mara mia. Kwa darasa la mchana, lumeni 3,000 za kipimo cha ANSI (utaratibu rasmi wa kupima mwanga wa projekta) ndicho kiwango cha chini cha kutafuta. Tazama neno hilo ANSI unaponunua: vile viprojekta vidogo vya bei poa huandikwa namba kubwa za lumeni ambazo hazikupimwa kwa kipimo hicho, na ukiviwasha saa nne asubuhi huoni kitu.

Ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa ni skrini nzuri kabisa. Shuka nyeupe inafaa pia, mradi ivutwe ikaze, ifungwe mti juu na mti chini, maana kila kunjo litapindisha sura ya mtu na mstari wa grafu. Ubao mweupe wa kalamu una kasoro moja: unang'aa katikati, na waliokaa usawa wa projekta wanaona duara la mwanga badala ya picha. Tupia picha kwa pembeni kidogo, au uufunike ubao kwa karatasi za manila.

Giza, lakini si giza totoro

Projekta haiwezi kutoa weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni mahali ambapo projekta haikumwaga mwanga, basi. Kwa hiyo weusi wa picha yako hauwezi kuzidi rangi ya ukuta ilivyo kabla hujawasha mashine. Simama mbele ya ukuta huo saa ya kipindi, uutazame: huo ndio weusi wako.

Hapo utagundua kwamba hulazimiki kuziba madirisha yote. Ziba yale ambayo mwanga wake unaangukia skrini, kwa kawaida mawili ya mbele kila upande. Ya nyuma yaache wazi ili hewa ipite na wanafunzi waone wanachoandika. Wanafunzi 60 chini ya bati, madirisha yote yamefungwa, baada ya robo saa nusu yao wanasinzia na wengine wanajipepea kwa madaftari. Kwa pazia, blanketi zito au kitambaa cha rangi nyeusi kinatosha. Nailoni nyeusi inaziba mwanga vizuri ila inaongeza joto. Na uchague ukuta kwa kufuata jua: vipindi vya asubuhi, usiweke skrini mahali panapopigwa na madirisha ya mashariki.

Umeme

Fanya hesabu mapema. Projekta yenye taa ya kawaida hula kama wati 250, kompyuta 60, spika 20. Jumla wati 330. Kwa kipindi cha dakika 40 hiyo ni wati-saa 220. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi ikitumiwa kupita nusu yake mara kwa mara inakufa mapema. Bakiza 600, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi) nayo inapoteza kama asilimia 10 hadi 15. Unabaki na vipindi viwili vizuri. Kompyuta iliyojaa chaji iache itumie betri yake yenyewe, utaokoa kidogo. Inveta iwe ya wimbi safi, wati 600 au zaidi.

UPS ndogo ya mezani, yaani kisanduku cha betri kinachoshika umeme unapokatika, haikusudiwi kumalizia filamu. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuzima taa ya projekta kwa utaratibu umeme unapokatika. Kama unatumia jenereta, iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke vifaa. Umeme ukikatika ghafla, chomoa projekta kwenye soketi: mara nyingi kinachoua vifaa ni umeme unaporudi kwa kishindo.

Waya wa kuongezea upite kando ya ukuta na ubandikwe sakafuni kwa gundi ya utepe. Mwanafunzi mmoja akijikwaa, projekta inashuka chini pamoja na bajeti ya mwaka.

Sauti

Spika ya ndani ya projekta haitoshi darasa la watu zaidi ya 20. Weka spika mbili kando ya skrini, juu kidogo ya vichwa, zikielekea katikati ya darasa. Ukiziweka nyuma, sauti inatoka mgongoni na picha iko mbele, akili inasumbuka. Tumia waya. Spika ya bluetooth huchelewesha sauti, midomo ikasema kabla ya maneno kufika. Kebo ya VGA haibebi sauti hata kidogo, wakati HDMI inabeba, na hapo ndipo wengi wanapokwama: kompyuta imepeleka sauti kwenye projekta, spika zako zimenyamaza. Bofya alama ya spika kwenye kompyuta, uchague njia ya sauti unayoitaka. Na mvua ikianza kupiga bati, usishindane nayo.

Afadhali hata hivyo kuzima sauti ya filamu na kusimulia mwenyewe. Wasimulizi wengi wa filamu za sayansi na jiografia huongea Kiingereza cha haraka, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili anaachwa nyuma sentensi ya pili. Wewe unajua istilahi ipi iko kwenye muhtasari, na unajua nani hajaelewa. Kutenganisha picha na sauti si jambo geni kwetu: mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao Vugiri, milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937, uliweka maelezo ya filamu kwenye santuri, ili picha moja iende na lugha mbalimbali.

Kuandaa kipande

Pakua mapema; intaneti ya darasani haitegemeki. Faili ya MP4 ya ubora wa 480 huchukua karibu megabaiti 7 au 8 kwa dakika, na kwa picha ya ukutani ya darasa inaridhisha. Ukiweza 720, vizuri zaidi. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haikubali faili moja inayozidi gigabaiti 4, hata kama nafasi ipo.

Itazame filamu yote peke yako, hadi mwisho, pamoja na tangazo lililochomekwa katikati. Kisha andika kwenye karatasi dakika na sekunde: pa kuanzia, pa kusimamisha, swali la kuuliza hapo, pa kumalizia. Programu ya VLC, ambayo ni ya bure, ina vitufe vya kukariri: kibonye cha nafasi kusimamisha, Ctrl na T kwenda moja kwa moja kwenye dakika uliyoandika, Alt na mshale wa kushoto kurudi sekunde 10, herufi E kusogeza picha moja baada ya nyingine. Mabano ya mraba yanapunguza au kuongeza mwendo. Hicho cha E ndicho hazina ya mwalimu wa Fizikia: mpira unaodunda unaweza kusimamishwa hatua kwa hatua na kupimwa kwa rula juu ya ukuta.

Slaidi

Kwa kipindi kimoja, slaidi 8 hadi 12 ni nyingi za kutosha. Kila moja ibebe jambo moja. Maandishi yasipungue ukubwa wa 28: kwenye picha ya kimo cha mita 1.1, herufi kubwa ya 28 inatoka na kimo cha karibu sentimita 4, sawa na herufi ya chaki ya mwalimu mwenye mwandiko mzuri. Darasa likiwa na mwanga, tumia usuli mweupe na maandishi meusi. Zile slaidi za usuli wa bluu iliyokolea zinapendeza kwenye kompyuta, lakini darasani usuli unapauka na maandishi yanazama. Usitegemee nyekundu dhidi ya kijani kutofautisha mambo. Wapo wasiozitenganisha, nao hawatakuambia.

Shida kubwa ya slaidi ni kunakili. Mwanafunzi akiona maandishi ukutani anaandika, na akiandika hasikilizi. Kwa hiyo weka picha na swali; maelezo yatoke mdomoni mwako na muhtasari ubaoni. Kwenye PowerPoint, kitufe cha B kinafanya skrini iwe nyeusi wakati wa onyesho, ukikibonyeza tena picha inarudi. Kitumie kila unapotaka macho yarudi kwako. Ukiandika namba ya slaidi na kubonyeza Enter, unaruka hadi hapo bila kupitisha darasa kwenye slaidi zote za katikati. Hifadhi nakala ya PDF pembeni, kwa ajili ya siku utakapotumia kompyuta ya mwenzako isiyo na mwandiko uliouchagua. Na kama umeweka video ndani ya slaidi, faili ya video ikae folda moja na slaidi, zihamishwe pamoja.

Kuna matumizi mengine ya projekta ambayo shule nyingi hazijayafikiria: bandika manila ukutani, tupia ramani ya Afrika au mchoro wa mfumo wa chakula, fuatisha mistari kwa penseli kisha kwa kalamu nene. Saa moja ya umeme inakupa chati ya miaka mitatu isiyohitaji umeme.

Kipindi chenyewe: mfano wa volkano

Tuchukue Jiografia, mada ya volkano, na kipande cha dakika 4 kinachoonyesha lava ya Ol Doinyo Lengai, mlima ulio kusini mwa Ziwa Natron. Kila kitu kimewashwa na kujaribiwa kabla wanafunzi hawajaingia, picha imesimama kwenye sekunde ya kuanzia, skrini imefunikwa.

1. Dakika 5. Swali ubaoni: lava ina rangi gani, na inatembea kasi gani? Kila mmoja aandike jibu lake daftarini. Karibu wote wataandika nyekundu.

2. Dakika 4. Onyesha kipande bila sauti, bila kusimamisha, bila kueleza. Wanachokiona ni kimiminika cheusi kinachotiririka kama oili chafu ya gari. Kutakuwa na minong'ono, iache.

3. Dakika 6. Simamisha filamu, funika skrini. Uliza: mliona nini? Watasema tope, watasema mafuta. Usisahihishe bado. Mwombe aliyesema tope ataje alichokiona kilichomfanya aseme hivyo.

4. Dakika 10. Onyesha tena, ukisimamisha mara tatu. Mara ya kwanza kwenye rangi: lava hii ina joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, wakati ya basalti, mwamba wa kawaida wa volkano, hupita 1,000, ndiyo maana mchana haionekani kuwaka. Mara ya pili kwenye mwendo: ina silika (kinachofanya lava iwe nzito) kidogo mno na kaboneti nyingi, kwa hiyo ni nyepesi kutiririka. Mara ya tatu kwenye miamba myeupe ya pembeni: ni lava hiyohiyo, iliyobadilika kwa kukutana na unyevu. Wasiojua mlima huu hudhani ni theluji.

5. Dakika 8. Projekta imezimwa. Chora ubaoni umbo la volkano ya lava nzito na la volkano ya lava nyepesi, wachore nao.

6. Dakika 5. Warudi kwenye jibu la mwanzo na kulirekebisha kwa maandishi yao wenyewe.

Dakika 2 zilizobaki ni za kengele na madawati. Angalia kwamba filamu imekula dakika 4, na marudio yake pamoja na maswali dakika 10. Zaidi ya nusu ya kipindi haikuhitaji umeme.

Mlima huu ni wa pekee, kwa hiyo lazima useme wazi kwamba volkano nyingi hazitoi lava ya namna hii. Ukisahau, kuna atakayeandika kwenye mtihani kwamba lava ni nyeusi.

Picha inapodanganya

Hilo linatupeleka kwenye hatari isiyosemwa sana. Kwenye michoro, vena hupakwa bluu ili zitofautiane na ateri. Kila mwaka wapo wanaoondoka wakiamini damu ya vena ni ya bluu. Ni nyekundu iliyokolea. Filamu ya seli inayogawanyika huenda kwa sekunde 20, kitendo ambacho kwa kweli huchukua saa nzima au zaidi, na zile rangi nzuri ni dawa zilizotiwa kwenye sampuli au kompyuta iliyozipaka. Mfumo wa jua huchorwa sayari zikiwa zimebanana kama machungwa kwenye kikapu. Kabla ya kila picha jiulize vitu vitatu: rangi ni ya kweli, ukubwa ni wa kweli, mwendo ni wa kweli? Kisicho cha kweli kitaje kwa sauti.

Mambo yakiharibika

Skrini inasema hakuna mawasiliano: hakikisha umechagua mlango sahihi kwa kitufe cha chanzo kwenye rimoti, sukuma kebo pande zote mbili, kisha kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na P, uchague kuonyesha sehemu zote mbili. Picha imekuwa ya njano au waridi: ni kebo ya VGA, pini moja imepinda au haijaingia. Picha ni pana juu na nyembamba chini: projekta imeinamishwa. Inyanyue meza nzima badala ya kuinua pua ya mashine. Marekebisho ya kwenye menyu yapo, ila yanapunguza ukali wa picha. Picha iko kichwa chini: menyu imewekwa kwa ajili ya projekta ya darini.

Projekta inajizima katikati ya kipindi: joto. Chujio limejaa vumbi la chaki, au mashine imewekwa juu ya kitambaa kilichoziba matundu ya hewa. Acha ipoe dakika 10 kabla ya kuiwasha tena. Taa yenye moto haikubali kuwaka upya.

Ujumbe binafsi umetokea ukutani mbele ya darasa zima: hilo halina dawa baada ya kutokea. Weka kompyuta kwenye hali ya ndege kabla ya kuanza, na uzuie isilale yenyewe.

Kama kuna televisheni tu

Inchi 43 ina kimo cha sentimita 53. Mara 8 ni mita 4 na kidogo, yaani mistari mitatu ya mbele. Usilazimishe darasa zima kuitazama. Gawa makundi matatu: moja linatazama, moja linafanya mazoezi ya kitabu, moja linachora, zungusha kila dakika 10. Kazi ni zaidi, lakini kila mmoja ameona.

Kuzima na kutunza

Bonyeza kitufe cha kuzima mara mbili, halafu subiri feni inyamaze yenyewe kabla ya kuchomoa waya. Ukiharakisha, joto linabaki ndani na taa inafupishiwa maisha. Lenzi ifutwe kwa kitambaa laini kikavu, si kwa ncha ya shati. Chujio lipulizwe vumbi kila baada ya wiki mbili kama darasa linatumia chaki. Waandikishe watumiaji kwenye daftari moja: tarehe, jina la somo, saa za taa zinazosomeka kwenye menyu, hitilafu iliyoonekana. Taa nyingi za kawaida huchoka baada ya saa elfu chache, na menyu huonya mapema. Daftari hilo ndilo litakalokuambia utenge fedha muhula upi.